Bastola za Mjomba na Ugali wa Mwali

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Mdachi keshajenga boma lake Morogoro, mtoto alikuwa mtoto kweli. Tulipanda Uluguru kutafuta kuni mpaka tukaona migongo ya mawingu, kisha tukashuka tukiteleza juu ya maganda ya migomba, kwa kasi ambayo vivuli vyetu vilifika nyumbani baada yetu. Tulikula magimbi ya kuchoma yenye majivu bado, na maharage yaliyolala chunguni tangu jana. Baridi ya asubuhi iligandisha uongo mdomoni kabla hujausema. Vijana wa leo wakiona wingu moja tu wanaulizana sweta iko wapi.

Kisha nikavunja ungo, na utoto ukafungiwa mlango.

Kwetu Waluguru, wakati ule mwali hakuwekwa ndani wiki moja kama anayeuguza mafua. Aliwekwa mpaka ngozi yake isahau jua, na alitolewa siku wakubwa zake walipokuwa na ng'ombe, mchele, nguo na wapiga ngoma. Chumba changu hakikuwa na dirisha. Upande wa pili wa ukuta wa udongo alikuwemo Zena, binti wa mama yangu mdogo, mwali kama mimi. Tulinong'onezana midomo ikigusa ukuta, mpaka upande wangu ukaingia kishimo cha kutosha kufugia panya. Wakubwa walikuwa wametuahidi kwamba tutatolewa siku moja, mimi na yeye, mkono kwa mkono. Kwa ahadi hiyo nilivumilia giza.

Upande wa Zena baba yake alikuwa na kila kitu tayari. Upande wangu alikuwepo mjomba, na mjomba hakuwa na kitu ila bastola mbili.

Zilikuwa za urithi. Kwetu mali haishuki kwa baba, hutoka kwa mjomba ikaenda kwa mpwa. Naye alizirithi kwa mjomba wake, aliyezipata kwa mfanyabiashara wa msafara kabla Mdachi hajafika. Zilikuwa pacha kabisa: kitako cha mti mweusi, gumegume la kuwashia baruti, na ubavuni bati la shaba lililochongwa maandishi. Ukimsikia mjomba akizisifu, ungedhani simba alikufa kwa kutazamwa nazo tu. Kusema kweli hazikuwahi kulia hata siku moja.

Sasa, Mdachi alitaka kila silaha ipelekwe bomani. Ukikutwa nayo umeificha, ni hamsa ishirini za kiboko na mnyororo shingoni. Mjomba akazificha mahali ambapo hata askari wa akida, maana naye kazaliwa na mama, asingethubutu kuingia: chini ya kitanda cha mwali. Nikawa nalala juu yake kama kuku anayeatamia mayai ya chuma.

Mjini palikuwa na fundi saa wa Kihindi, tukimwita Bwana Miwani, aliyejua vitu vya kale na aliyekuwa na wateja Wazungu. Mjomba akamdokeza.

"Mzee," akamjibu, "za namna hiyo nyingi ni za kughushi. Lakini jina la fundi wa Ulaya likiwa la kweli, na zote mbili zikawa sawa, kwa bei yake utawatoa wanawali wawili, si mmoja. Usizilete hapa, utatufungisha! Niletee maandishi tu."

Maandishi! Nyumba nzima hakuna aliyeijua A. Bastola zisitoke nje, mjomba asiingie kwa mwali, na ndani kwangu giza. Bibi mzaa mama ndiye pekee aliyeniingilia na chakula. Akaniambia, "Mke mwenzangu, fikiri wewe. Unashinda umekaa, akili yako haijatumika."

Nikaitazama sahani. Ugali wa Bibi ukipoa ungeweza kujengea daraja la reli. Nikaukandamiza kwenye lile bati, bastola ya kwanza, kisha ya pili. Herufi zikatoka zimevimba, safi, unazigusa kwa kidole. Bibi akautoa nje kama makombo, mjomba akanakili kwa mkaa kwenye ubao, bila kukosea hata mkia wa herufi moja. Alipomaliza, akaula ushahidi.

Siku aliyokwenda mjini, mimi na Zena tulishinda tukigombana ukutani.

"Tangulia wewe mlangoni, una miguu mirefu," nikamwambia.

"Wewe ndiye mkubwa."

"Basi tutoke sambamba. Mlango ukivunjika, watajenga mwingine."

Jioni nikamsikia mjomba uani. "Mama, kanicheka mbele ya watu. Eti herufi zote zinatazama nyuma. Anasema aliyezitengeneza ni mhunzi wa porini asiyejua kusoma. 'Chuma tu hicho, mzee, kalimie.'"

"Zote mbili?"

"Zote mbili, Mama. Pacha wa uongo."

Bibi akasema, "Basi mtoto atangoja."

Mhunzi akazifua zikawa majembe mawili madogo. Zena akatolewa peke yake. Siku saba niliisikia ngoma yake, na vigelegele vikipita nje kama mvua inayonyesha kwa jirani. Akaolewa Mlali. Chumba chake wakahifadhia mahindi, nami nikanong'onezana na mahindi misimu miwili ya kilimo. Yalikuwa wasikilizaji wazuri, ila hayakuwa na umbea hata kidogo.

Miaka ikaenda. Nilishazaa, nimeshamzika mume, ndipo nikajiunga na kisomo cha jioni hapa Bigwa. Nilishika nafasi ya kwanza. Tulikuwa saba, wawili walikuwa wamesinzia. Jioni moja mwalimu, kijana wa umri wa mjukuu wangu, aliniachia muhuri nigonge kadi za wanafunzi. Nikaugeuza niutazame.

"Mwalimu, mbona muhuri wako haujui kusoma? Herufi zinatazama nyuma."

"Ndivyo unavyotakiwa, Bibi. Chochote ukikikandamiza, alama yake hutoka imegeuka."

Darasa likacheka. Mimi nikaurudisha muhuri mezani taratibu, kama bastola yenye baruti. Bastola zilikuwa za kweli. Ugali wangu ndio uliozigeuza.

Mjomba na Bibi walikuwa wamekwishakufa. Nikapanda basi kwenda Mlali kumwambia Zena, nikijua atanicheka mpaka aangushe meno yaliyobaki. Wajukuu zake walinipokea kwa heshima, wakanionyesha kaburi. Nyasi zilikuwa hazijaota.

Mjukuu wangu juzi alikaa ndani siku moja kwa ajili ya mvua, akalalamika kwamba atakufa kwa upweke. Nikamcheka. Siku hizi wasichana hawafungiwi, na ni heri. Siwaombei giza lile. Mlango wangu mwenyewe uko wazi tangu alfajiri. Vijana wanapita na redio begani, "Shikamoo, Bibi!" Kabla sijamaliza marahaba, wameshafika kona. Enzi zile nilifungiwa, lakini nilikuwa na mtu ukutani. Leo naona mpaka kilele cha mlima, na katika wote wanaopita hakuna hata mmoja anayemjua Zena.