Kikombe cha Fundi Mkasi

Fundi Mkasi hakuwahi kutumia chaki. Mafundi wengine wa mtaa ule walichora kitambaa kwanza, kama watoto wa chekechea, ndipo wakate. Yeye alikupima kwa macho, akashika mkasi, na suti ikakukaa. Majivuno alikuwa nayo tele, na aliyastahili.

Alipotimiza miaka sitini na miwili, mkono ukaanza kutetemeka. Akaficha. Chai alikunywa peke yake, nyuma ya pazia la kupimia nguo, na kwa watu alikataa hata maji. Mwishowe akakata mkono wa koti la bwana harusi, ukaishia karibu na kiwiko. Mwenye koti akanusa hewa, kisha akauliza kwa upole, "Mzee, umeonja kidogo?" Na Fundi ni mtu ambaye pombe aliijua kwa harufu tu. Mkewe hakubembeleza, alifunga duka, akampeleka hospitali.

Daktari alimtazama anavyoyumba akitembea, akauliza swali la ajabu: kuna mjukuu aliye mzito wa kujifunza? Yupo, wa binti yake wa pekee. Vipimo vikatoa jibu. Ilikuwa kasoro ndogo ya jeni, ambayo mwanamume aweza kuishi nayo bila habari mpaka uzeeni, imshike mikono na miguu. Humrithisha kila binti yake. Na binti akimpitishia mwanawe, huweza kukua ikamlemea mtoto tangu tumboni. Dawa ya kuiondoa haikuwepo, ya kutuliza mtetemo ilikuwepo.

Fundi hakusikia habari za dawa. Alimfikiria binti yake, ambaye kwa miaka minne mama mkwe wake alimsema, tena mbele ya wageni, kwamba mtoto kaharibika kwa sababu mama hajui kulea.

"Utawaambia?" mkewe aliuliza.

"Nikisema, mji mzima utajua mkono wangu umekwisha."

"Na usiposema?"

Jumapili alivaa suti aliyoikata enzi zake, akaenda kwa wakwe. Walipomkaribisha chai, aliomba kikombe kijae hadi ukingoni. Akakiinua mbele ya wote. Chai ikamwagika kwenye koti, kwenye shati, kwenye zulia la watu. Binti yake akainuka na kitambaa, naye akamzuia.

"Mkwe wangu, tazama vizuri," alimwambia mama mkwe wa binti yake. "Alicho nacho mjukuu wetu kimetoka kwangu. Nilimpa mama yake bila kujua, naye akampa mtoto bila kujua. Binti yangu hana kosa. Ukitaka wa kumsema, huyu hapa, nimekuja mwenyewe."

Yule mama, ambaye ulimi wake haukuwahi kukosa neno, akamgeukia mke wa mwanawe. "Mwanangu, nisamehe."

Fundi alijisikia fahari ambayo hakuna suti iliyowahi kumpa. Akaunyosha ule mkono mbele za watu, unatetemeka wazi.

"Basi nipeni nyingine," alisema. "Ile ya kwanza limeinywa zulia."