Viatu vya Saidi na Kadi ya Sauti

Enzi zetu pale mtaani Musaga, sinema ilikuwa kitu cha kusikiliza. Usicheke, na kama ulikulia pale unajua ninachosema. Kulikuwa na nyumba ya video iliyojengwa kwa mbao, na sisi wenye mifuko iliyotoboka tulikaa nyuma yake, kwenye matope, masikio tumeyabandika ukutani. Rafiki yangu Saidi ndiye aliyekuwa macho yetu. Alifumba yake, akasikiliza, kisha akatutangazia: "Mubaya ameingia kwa mulango wa kushoto. Sasa anapanda ngazi. Mh! Ameanguka!" Kesho yake tukiwauliza walioingia ndani, wanaapa kweli mbaya aliingia kushoto. Sijui Saidi alijuaje, maana spika ya mule ndani ilikuwa moja tu, tena imepasuka.

Nyumbani tulikuwa na redio ya baba iliyovunjika tumbo. Tuliitoa spika yake tukaitumbukiza ndani ya chungu, sauti ikanenepa kama ya padri. Betri zikichoka nilizianika juu ya bati zipate jua, zikafufuka, ndiyo maana hadi leo wa zamani wananiita Mabetri. Na chungu chenyewe, mama hakununua kwa kuambiwa. Pale sokoni alikiinua, akakigonga kwa kidole, akainamisha kichwa. Kikilia vizuri, anakibeba. Kikikohoa, anakirudisha chini, hata muuzaji aape kwa watoto wake. "Chungu hakisifiwi," alisema mama, "kinagongwa."

Hiyo ndiyo shule niliyoimaliza. Ile nyingine ya chaki niliiacha mapema na wala haikunitafuta. Nilianza kuvusha betri na nyaya pale mpakani Gatumba, kichwani, kwenye jua na kwenye maji, na leo nina nyumba Kinanira, mtaa uleule ambao baba yangu alikuwa zamu, akilinda geti la wenyewe usiku kucha. Sasa nina zamu wangu wa kulinda geti. Sisemi hivi kwa kujisifu, nasema ili ijulikane.

Saidi hakuwa na bahati hiyo. Sukari ilimla macho, akajifungia ndani. Nilipokwenda kumwona alinigeuzia mgongo. "Niache, Mabetri. Mutu asiyeona atembee akatafute nini?"

Nikamwambia aje kwangu Jumapili tusikilize sinema kama zamani. Akapapasa ukuta, akanigeukia. Kisha akasema, "Mara moja tu. Nikichoka unirudishe, na usinisumbue tena."

Basi nilikuwa na Jumapili moja ya kumtoa rafiki yangu kaburini, na saloni yangu, sebule ya wageni, ilikuwa mgonjwa. Televisheni kubwa kama mlango wa kanisa ninayo. Spika ninazo kila pembe. Lakini sinema zinatoka kwenye kompyuta, na kompyuta ilitoa sauti kwenye kitundu kimoja, inavuma kama nzi ndani ya chupa, spika za nyuma ziko kimya kama wageni wasiojua lugha. Mwanangu Arno, mwenye diploma ya kompyuta, akasema dawa yake ni kadi ya sauti, ile wanayoiita karte son. Hapo hakukosea. Lakini ngoja uone vijana wa leo wanavyochagua kitu.

"Papa, nimeshachagua. Nimesoma maoni ya watu kwenye simu. Nyota tano!"

"Watu gani?"

"Wa Amerika, wa Uchina, kila mahali."

"Wanamjua Saidi?"

"Papa, sasa Saidi anaingilia wapi?"

Unaona? Enzi zetu hata mbuzi hatukununua bila kumfungua mdomo. Wao wananunua sikio kwa kutumia macho.

Nilimbebesha kompyuta, ampli ya kukuza sauti na spika zote, tukapakia kwenye gari, tukashuka mjini dukani. Muuzaji, kijana mwenye tai, akaniletea kadi iliyowaka kama harusi.

"Bosi, hii ina taa rangi saba!"

"Nimekuja kununua sauti. Diskoteki ninunue ya nini?"

Nikaamuru tuijaribu. Wakaangaliana. Arno aliona haya hata akajifanya anasoma ujumbe. Nilikaa kwenye kiti katikati ya duka, nikafumba macho kama Saidi, nikasema wanichezee sinema ya mtu anayetembea, nami nitaonyesha kwa kidole yuko wapi. Wateja wakacheka. Wacheke, mi si ndiye mwenye gari?

Ile ya taa ilikuwa na tundu la kaske tu, zile spika za kuvaa masikioni. Kwa michezo yao ya kupigana risasi ni tamu, nyayo za adui unazisikia ndani ya fuvu, lakini spika zangu zilibaki zimesinzia. Ya pili ilikuwa bamba la kufungiwa ndani ya kompyuta. Likaleta na mlio wa matumbo ya mashine yenyewe: mashujaa wanaongea, nyuma yao kuna kinu kinasaga. Hiyo ilikohoa, nikairudisha chini. Ya tatu ilikuwa kiboksi cheusi cha kukaa nje, kibaya cha sura, hakina hata taa. Arno akakiunga na ampli kwa waya mwembamba unaopitisha mwanga mwekundu, na hilo la waya nampa, alilijua yeye. Mtu akatembea. Kushoto. Nyuma. Kulia. Kidole changu kikamfuata, na wateja wakaacha kucheka.

"Kifungeni," nikasema. "Kimelia."

Jumapili mchana nilimfuata Saidi mwenyewe. Akavua viatu vyake kwenye ngazi ya mlango, kando ya viatu vya raba, zile basketi nyeupe za marafiki wa Arno waliojifungia chumbani na michezo yao, kila mmoja na kaske yake kama rubani. Nikamkalisha kiti cha katikati. Ikaanza sinema ya mapanga, mtu na mtu wanawindana msituni. Saidi akaweka mikono juu ya magoti, akainamisha kichwa. Mimi roho juu. Mara akainua kidole.

"Mumoja yuko nyuma yangu."

"Ndiyo."

"Kwa kulia. Anakanyaga majani." Akatabasamu. "Mubaya huyo."

Kisha huko msituni mvua ikanyesha. Saidi akaruka kutoka kitini. "Mabetri! Viatu vyangu! Mvua!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini mgeni ni mgeni, nikatoka juani nikamletea viatu vyake. Akavikumbatia, naye akacheka. "Umeninyeshea mu nyumba, we muchawi!"

Sinema ilipokaribia kwisha akainua kidole tena. "Hii sasa ni ya kweli."

"Unajuaje?"

"Ile yako haina harufu."

Nikafungua mlango. Mvua ya Kinanira haijui kubisha hodi. Zile basketi nyeupe zilikuwa zimeshaingia mfereji, zinateremka kuelekea ziwani kama bata. Nikaita, kimya. Nikagonga mlango wa chumba, kimya. Wanasikia adui anavyoweka risasi, bati lao wenyewe hawalisikii. Ikabidi nimpigie simu mwanangu nikiwa nimesimama mlangoni kwake.

"Allo, Papa? Uko wapi?"

"Niko hapa nyuma ya mlango. Viatu vya wenzako vimesafiri."

Enzi zetu tone moja likigusa bati, mama mmoja alipaza sauti na ua mzima ulikimbia kuanua nguo, hata za jirani mliyenuniana. Chungu kilikuwa kimoja, masikio yote yalikuwa pale. Leo kila mtoto ana chungu chake, amekivaa kichwani, na ukitaka kumwambia mvua inanyesha, uwe na salio.

Nilimrudisha Saidi nyumbani, viatu vyake vikavu miguuni. Nilipomfungulia mlango alinishika mkono.

"Jumapili utanipitia saa ngapi?"