Kioo Safi cha Mkurugenzi

Jumatano, tarehe 9 Julai. Mawingu tangu alfajiri, upepo kidogo, mvua hakuna.

Mama Kibano alifika maabara saa moja kasoro dakika tano, kama ilivyo desturi yake miaka kumi na miwili sasa. Jina alipewa kwa sababu kibano hakimtoki mkononi. Huunga nyaya za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, kwenye vihisi vidogo kama punje ya ulezi. Vihisi hivyo huona mwanga wa joto usioonekana kwa macho, hata ukiwaka na kuzimika mara mamilioni kwa sekunde. Shule aliishia kidato cha nne, kwa hiyo hakuna anayemuuliza lolote.

Mwezi uliopita Mkurugenzi mpya, mwenye shahada za kujaza ukuta, alikiinua kihisi kimoja akakunja uso. Kilifunikwa kwa kidirisha cheusi cha madini.

"Mama, dirisha jeusi litapitisha mwanga gani? Si bora kioo safi?"

"Huo wa joto, bosi. Kwake hicho cheusi ni wazi. Kioo ndicho ukuta."

"Eti kioo ni ukuta!" Akawageukia wahandisi wawili, nao wakacheka kwa bidii ya watu wanaosubiri kupandishwa cheo. "Mama, wewe unga nyaya. Fizikia tuachie wenyewe."

Vidirisha vyeusi vikaondolewa, vikawekwa vioo. Vilipendeza, ungedhani mapambo ya harusi.

Leo wakaja wanunuzi. Kihisi kikamulikwa kwa leza ya mwanga huo wa joto. Kwenye skrini, mstari ukalala kama maiti.

"Nyaya zimekatika," Mkurugenzi akawahi. "Ni kazi ya huyu mama. Mkataba wake unaisha Ijumaa, na sitauongeza."

Mama Kibano, mwenye watoto watatu shuleni, alikibandua kioo kwa kibano, akarudi nyuma. Mstari ukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

"Haa! Nani kaweka kioo hapa?" akauliza mnunuzi mmoja, bibi mwenye miwani.

Wahandisi wakaanza kusoma dari.

"Lilikuwa jaribio," akasema Mkurugenzi. "Nilitaka mwone tofauti."

"Tumeiona, baba. Sasa huyu mama akiondoka, sisi tunanunua kwa nani?"

"Aondoke aende wapi? Huyu ndiye mkono wangu wa kulia!"

Asubuhi iliyofuata Mama Kibano alitia saini mkataba wa miaka miwili, akasoma ubaoni tangazo la kumpongeza Mkurugenzi kwa kugundua ubaya wa kioo, kisha akaketi kubandua vioo thelathini na nane vilivyobaki.