Chokaa ya Mzee Naume

Mzee Naume alijivunia kitu kimoja tu maishani: mashina meupe. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, alikoroga chokaa kwenye pipa akapaka mitufaha yake yote mpaka usawa wa kiuno, na waliopita njia ya kwenda mji wa Resen waligeuza shingo. Mwaka aliofiwa na mkewe Vangelija alipaka vilevile, huku akilia. Kwa watu wa eneo lao la Prespa, shamba lisilopakwa ni shamba la msiba.

Lakini weupe huo haukuwababaisha viwavi. Misimu miwili mfululizo tufaha zilitoka zimetobolewa, na mnunuzi akazikataa. Mwanawe Pande akasema waziwazi kwamba viwavi wakirudi tena, atamchukua mkewe na mtoto wahamie ng'ambo, Slovenia. Naume alimjua mwanawe. Hakuwa mtu wa vitisho.

Vuli hiyo Pande alileta pakiti, akaiweka kwenye friji karibu na jibini.

"Ndiyo nini hii? Tope?"

"Minyoo, baba. Wadogo, huwezi kuwaona. Wanapenya kwenye nyufa za magome, wanamfuata kiwavi alikojificha, wanamla kwa ndani."

"Ala! Miaka yote tunapigana na wadudu, leo unawaletea wenzao?"

"Hao ndio watakaotubakiza hapa."

Jioni moja baada ya mvua, Pande akawakoroga minyoo kwenye maji, akabeba bomba mgongoni, akanyunyizia mashina yote. "Yasikauke tu, baba," alisema. "Minyoo wakikauka wamekwisha." Asubuhi akaondoka na familia yake kwenda kwa wakwe, mjini Bitola, wakalala huko.

Naume akabaki peke yake na mashina yaliyofifia, sikukuu imekaribia. Alitaka mwanawe akirudi akute shamba limependeza, aone lina thamani ya kubaki. Na kama shida ni unyevu, alijiambia, kuna kitu gani kilicholowa kama chokaa mbichi? Maskini mzee wa watu, alikuwa ameshakata shauri zamani. Hapo alikuwa akitafuta kisingizio tu. Akapaka shamba zima, mgongo ukimuuma, akiimba.

Pande aliporudi alisimama langoni.

"Umepaka."

"Na nimeyalowesha vizuri, mwanangu."

"Baba, chokaa inaunguza. Umewaua minyoo."

"Wote?"

Pande akaingia ndani bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomkata mzee maini. Afadhali angetukanwa.

Majira ya joto yalipofika, Naume alipasua tufaha moja baada ya nyingine chini ya miti, na katika kila moja alimkuta kiwavi wa rangi ya waridi, amenona. Kabla ya vuli kwisha gari lilikuwa limeshapakiwa. Mjukuu alimpungia mkono kwenye kioo cha nyuma. Pande alikuwa anatazama barabara.

Mwaka huo Naume hakukoroga chokaa. Alichukua brashi ya waya, akaanza kuibandua ile ya zamani, mti kwa mti, mpaka nyufa za magome zikaonekana.

Jirani yake Cvetko alipita, akashangaa. "We Naume! Mashina meusi na sikukuu hii hapa? Nani kafa?"

"Minyoo," alisema Naume.

Cvetko alicheka mpaka akapaliwa. Naume akaendelea kusugua.