Gunia la Unga la Mwalimu Kachingwe

Nasema wazi: nilimpenda shemeji yangu Kachingwe, na mimi ndiye niliyemmaliza.

Alimwoa dada yangu akahamia kwetu Thyolo, kama ilivyo desturi yetu, mume kuhamia kwa mke. Siku za kazi alifundisha sheria chuo kikuu Zomba. Jumamosi yuko barazani kwa Bibi Nambewe, mkongwe wa kijiji, anatufundisha haki zetu. Kampuni ya chai ilitaka bonde letu, ikidai eti halina watu. Miaka mitatu alitupanga, kaya sitini, mpaka kesi ikapata tarehe.

"Njooni wote," alisema. "Jaji awaone kwa macho yake."

Wiki moja kabla ya kesi, Bibi Nambewe akafa. Nikampigia simu.

"Shemeji, tunazika kesho."

"Kesho nina mtihani, kaka. Wanafunzi mia mbili! Natuma gunia la unga."

"Unga? Na jembe lako atashika nani?"



Unga ulifika, yeye hakufika. Kwetu asiyechimba kaburi si mwenzetu, basi. Gunia halikufunguliwa.

Asubuhi ya kesi wazee wakaniita. "Mrudishie. Mwambie na sisi leo tuna kazi, tumetuma unga."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nilikuwa na hasira naye. Nikalifunga gunia kwenye baiskeli.

Nilimkuta kwenye ngazi za mahakama, katia tai, macho barabarani.

"Wenzako wako nyuma?"

Nikalitua gunia miguuni pake, nikasema nilichotumwa. Hakugomba. Alilikalia lile gunia, akafunika uso.

"Mimi nichapeni, kaka. Lakini bonde je?"

Hapo ndipo kicheko kiliponiishia. Ndani yaliitwa majina sitini, nikaitika langu peke yangu. Wakili wa kampuni hakuhitaji hata kusimama. Alinyoosha mkono tu, akaonyesha viti vitupu.

Wapumbavu sisi! Uzio ulijengwa kabla ya mvua. Siku hizi tunazika kijiji cha jirani, kwa kuomba. Kachingwe hakosi msiba. Hufika wa kwanza na jembe lake, huchimba mpaka mikono inatoka malengelenge, na hakuna anayemsemesha. Na mimi pia, sijui nianzie wapi.

Bibi Nambewe amebaki ndani ya uzio. Juu yake wamepanda chai, na hata sisi tuliomchimbia kaburi haturuhusiwi kuingia.