Mfuniko wa Tela la Marehemu

Mume wangu hakupata kupiga kambi hata siku moja maishani mwake, lakini alikuwa na tela la kupigia kambi. Aliwafanyia kazi wageni wa mradi mmoja wa misitu, akiwa dereva wao, na walipofunga virago kurudi kwao akalinunua. Alisema lilikuwa limeshamzoea. Ni tela dogo la magurudumu mawili. Tumboni linabeba mizigo, na nyuma lina sanduku la jiko lenye mfuniko wa bati unaofunguka kwenda juu, unaofungwa kwa makomeo mawili, moja kila upande. Wageni walikusudia kupikia humo porini. Sisi tulibebea maji.

Kwao mume wangu ni Newala, na Newala maji ni habari nyingine. Ukienda kuwaona watu kiangazi bila dumu hata moja, watakukaribisha vizuri, chai watakupa, na ukishaondoka watakusema mpaka mvua zianze. Kwa hiyo kila alipokwenda kumsalimu mama yake alijaza madumu hapa Masasi, akalifunga tela nyuma ya pikapu, akapanda nalo mlima. Safari mojawapo mashimo ya barabarani yakavunja makomeo yote mawili.

Hakuyatengeneza. Alikata mpira wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha kwenye mfuniko, akafunga fundo. Mpira unavutika, kwa hiyo kwenye kila shimo mfuniko uliruka ukarudi, pa, na shimo la pili, pa, mpaka Newala. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikufichi. Nilimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Akajibu kwamba ule ni mfuniko, si ukuta, na atautengeneza kesho. Tukabishana hivyo miaka. Wako wanandoa wanaogombania nyumba ndogo; sisi tulikuwa na makomeo.

Na ukweli ni kwamba hata angekwenda kuyanunua nisingekuwa na imani. Ukimtuma chumvi, alileta magadi, na alileta kwa furaha.

Kisha akafa. Asubuhi alisema anakwenda sokoni kununua kitu, sikumwuliza kitu gani. Akarudi, akashughulika uani kidogo, akaingia kujinyoosha kabla ya alasiri, na hakuamka. Presha, walisema.

Nikakaa eda. Dirisha la chumba changu linatazama uani, na uani lilikuwako tela, limefungwa kwa fundo lake. Fundo lenyewe baya, kubwa, lina masikio matatu. Nililitazama kila asubuhi nikiwa sina pa kwenda, na katika kutazama huko nikaelewa kwamba mikono yake haikufunga kitu kingine baada ya hicho. Nikaamua hakuna atakayelifungua.

Eda ilipoisha mkwe wangu akatuma salamu kutoka Newala. Hitma ya mwanawe itasomwa kwake, niende na maji, na niende na sufuria kubwa. Madumu yakishajaa pikapu na tumbo la tela, sufuria kubwa zinaingia mahali pamoja tu, sanduku la jiko. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye angeendesha pikapu, akaja uani na kisu. Nikamwambia akirudishe jikoni.

"Basi tufungue kwa mkono, dada."

Nikamwambia sufuria zitakaa kiti cha nyuma. Pikapu haina kiti cha nyuma. Akanitazama, akaenda kunywa chai.

Alipomaliza chai hakuniuliza tena. Alilivuta tela mpaka kwa fundi wa kuchomelea, na mimi nikafuata nimeweka mkono juu ya mfuniko, kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Fundi ni Mngoni, sisi ni Wayao, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani ana ruhusa ya yale ambayo ndugu akiyafanya mnaitana kwa wazee. Siku ya mazishi alivaa kofia ya marehemu akapita mbele ya wanawake akiiga mwendo wake, ule wa kuburuta kisigino, na mimi mjane nikacheka ndani ya kanga mpaka shangazi akanifinya. Hakuna aliyemkasirikia. Ndiyo kazi yake.

Akalizunguka tela polepole.

"Mtani, huyu mumeo alikuwa akifunga tela au mbuzi?"

"Usiliguse hilo fundo."

"Nitatengenezaje mfuniko usiofunguka?"

"Wewe ndiye fundi. Utajua."

"Najua," akasema, akachukua kisu akalikata.

Mdogo wangu alirudi nyuma. Nilifungua mdomo nimtukane, na matusi ninayo, lakini kumtukana mtani ni kupoteza matusi bure. Akanipa ule mpira. "Shika mali yako. Ungengoja mtu mwenye adabu akukatie, hitma ingesomwa bila pilau." Nikaufunga kwenye pindo la kanga. Nikalia. Aliniacha nilie, yeye akainua mfuniko.

Ndani mlikuwa na jiko la mafuta ya taa, kikombe cha bati chenye majani ya chai yaliyokauka, na kifurushi cha gazeti. Akakifungua. Makomeo mawili mapya, yanang'aa, na skrubu zake. Hicho ndicho kitu marehemu alichokwenda kununua sokoni asubuhi ile. Akakiweka ndani, akafunga, akipachike kesho.

Mtani akaligeuza moja, akalipima kwenye mfuniko, akalipima tena upande wa pili.

"Ya dirisha haya."

"Ya dirisha?"

"Dirisha la mbao. Hapa hayakai."

Miaka yote ile nilimdai makomeo, na alipoyanunua akayakosea. Nilishikwa na hasira mpya kabisa, ya siku ile ile, na nilitamani arudi hata kwa saa moja tu nimgombeze. Sijawahi kumtamani mtu vile.

Fundi akasema anayo ya chuma yanayofaa. Nikamwambia apachike hayo hayo.

"Hayakai, mtani."

"Yakalishe."

Akasema kumbe kichaa cha ndoa kinaambukiza. Akakata vipande vya bati nene, akavichomelea kwenye mfuniko, akatoboa, akapachika. Yamekaa upande kidogo, lakini yamekaa.

Siku ya safari mfuniko haukulia hata mara moja. Mdogo wangu alikuwa akitazama kioo cha pembeni kila mara kuhakikisha tela bado tunalo.

Mkwe wangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulimkuta barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekuja na gari la nani?"

"Pikapu yetu, mama. Na tela."

"Hapana," akasema. "Tela la mwanangu nalijua. Likifika kona ya chini, mimi nimeshabandika chai. Leo sikulisikia."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Ile pa niliyoigombania miaka, huku juu ilikuwa hodi yake.

"Mfuniko umetengenezwa, mama."

"Nani kautengeneza?"

Ningeweza kumtaja fundi.

"Mwanao," nikasema.

Akanyoosha mkono nimwinue, nikamwongoza mpaka nyuma ya tela. Akapapasa bati mpaka akalipata komeo. Akalifungua, akalifunga, akapitisha kidole pembeni mwake.

"La dirisha hili."

"Ndiyo, mama."

"Basi ni yeye."