Kamau Atarudi Jioni

Mimi si mtu wa kubuni mambo. Hata kanisani ushuhuda huwa sitoi, maana nimeona vile watu hutia chumvi wakishashika maikrofoni. Kwa hivyo haya nitakayokuambia yachukue vile yalivyo. Yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kamenu, Thika, miaka ile ya tisini ambapo simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wenye pesa, nzito kama tofali, na eriali ya kuvuta.

Mwanangu Kamau alikuwa akiuza mbao. Siku moja akaja na simu ya namna hiyo, ameinunua kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya ndugu yake. Zamani hizo hakukuwa na kadi ya kuchomoa. Ukinunua simu, umenunua na nambari yake. Na majina aliyoyaweka mwenyewe wa kwanza yalikuwa bado mle ndani. Kamau alibonyeza yakawa yanapita, naye anacheka.

"Mami, hii simu ina watu wengi kuliko harusi!"

"Watoe," nikamwambia. "Hao si watu wetu."

"Kwani wanakula nini?"

Hakuwatoa.

Ilikuwa Julai, ile baridi yetu ya kuingia kwenye mifupa. Kamau alienda nje kupakia mbao akaacha simu mezani. Ikalia. Nikaishika vile mtu hushika kuku mgonjwa. Upande wa pili alikuwa mwanamke mzee, anaongea Kikuyu, sauti inatetemeka.

"Kamau yuko?"

Sasa wewe ungejibu nini? Kwetu mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake, kwa hivyo hakuna boma lisilo na Kamau. Mimi nilijua anamuulizia wangu.

"Ametoka, mama. Atarudi jioni."

Naye akasema, "Asante. Nitamngoja," akakata.

Nilimwambia mwanangu kuna mteja amepiga, tukaendelea na kazi zetu.

Siku chache baadaye nilikuwa nyuma ya nyumba asubuhi nikiwasha jiko, ukungu umelala kila mahali. Nikainua macho, nikaona mwanamume amesimama ndani ya lango. Amevaa koti la kijivu, ana vumbi jeupe la mawe mpaka kwenye nyusi. Mbwa wetu, ambaye hubwekea hata vifaranga vya jirani, alijikunja chini ya gunia akanyamaza. Niamini, hapo ndipo nywele zilinisimama.

"Unamtaka nani?" nikauliza.

"Wewe, mama."

"Mimi leo sinunui kitu."

"Siuzi. Ulimwambia mama yangu nitarudi jioni. Sasa kila jioni inabidi nirudi. Nafika langoni kwake, kuingia siwezi. Na yeye anakaa nje kwenye baridi hii akiningoja. Kifua kimeshamshika. Atafia pale kwenye kiti."

"Wewe ni nani?"

"Kamau."

Alilisema jina hilo polepole, kama mtu anayeulizwa na polisi. Niliinama nichukue chuma cha kuchochea makaa, usidhani mimi ni wa kukimbia. Nilipoinuka hapakuwa na mtu. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo vile nililiacha usiku. Na pale aliposimama palikuwa na vumbi jeupe. Wewe umewahi kuona udongo mweupe Kamenu? Wetu ni mwekundu kama damu.

Nikamwamsha mwanangu. "Tafuta mama kwenye ile simu." Akabonyeza, na kweli, jina "Maitu" lilikuwepo, yaani mama. Tukapiga. Akapokea mwanamke mwenye duka kule Gitothua, Ruiru.

"Hii ni simu ya duka. Mnamtaka mama Kamau? Afadhali mje, sisi tumeshindwa. Kijana wake, aliyekuwa akiuza mawe ya kujengea, aliangukiwa nayo machimboni, tukamzika sisi wenyewe. Sasa anasema ameambiwa anarudi. Hataki kukaa ndani jioni, hata umvute!"

Tulifika jua likishuka. Yule mama alikuwa kwenye kiti mlangoni, amejifunga blanketi, kando yake kikombe cha uji kimefunikwa na sahani. Alikuwa akikohoa kikohozi cha kupasua. Nikamwambia mimi ndiye niliyejibu simu, na kwamba Kamau niliyemtaja ni wangu, huyu hapa.

"Mimi si mjinga," akasema. "Mwanangu nilimzika. Nilikuwa nikipiga ile simu ili nisikie ikilia tu. Wewe ukajibu. Na vile ulisema, amekuja. Namwona pale kila jioni."

Nikageuka. Alikuwa langoni. Mwanangu hakuona kitu, na mwenye duka hakuona kitu. Mimi nilimwona. Koti lile, vumbi lile, ameegemea nguzo kama mtu aliyesimamishwa siku nzima.

Yule mama akanishika mkono. "Usimwondoe. Wewe unaye Kamau wako. Niachie wangu."

Ningefanya nini? Mkono wake ulikuwa wa baridi kama chuma, na kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya kufika langoni:

"Kamau hayuko. Hatarudi jioni, hatarudi asubuhi. Mimi nilikosea."

Nguzo ikabaki peke yake. Mwenye duka aliniambia baadaye kwamba hata siku ya mazishi yule mama hakulia vile. Tukambeba ndani, tukamwashia moto, nikalala naye huko huko mpaka pumzi ikatulia.

Alipona, akaishi miaka mingi. Mwanangu aliwafuta wale watu wote kwenye simu, mmoja mmoja, bila kucheka. Lakini yule mama hakunisamehe mimi. Tukikutana soko la Ruiru alikuwa akinionyesha wenzake kwa kidole. "Huyo ndiye alimuua Kamau wangu," anasema, kisha ananigeuzia mgongo. Nami sikuwahi kubishana naye.

Sasa nisikie. Ukiuza simu yako, watoe watu wako kwanza. Na ukinunua ya mtu, ikilia wakauliza fulani yuko wapi, uliza ni fulani wa nani, wa boma gani, kabla hujafungua mdomo kusema anarudi. Anaweza kukusikia.